Drafti ya Norah

Mzee Sylvance Odero hakuwahi kuiamini rula. Alisema rula ni fimbo ya kipofu. Kipofu ana haki nayo, ila mtu mwenye macho mawili akiishika anajitukana mwenyewe. Maneno hayo aliyaokota ujanani katika karakana ya reli, alikokuwa akiandika majina na nambari kwenye mabehewa, na siku alipopunguzwa kazini akatoka nayo pamoja na brashi zake. Baada ya hapo aliiandika Eastlands karibu yote. Vinyozi wa Jericho, maduka ya dawa ya Bahati, hoteli za Muthurwa, makanisa ya mabati kule Kware, yote yalipitia mkononi mwake. Ukimuuliza kwa nini anazisogeza A na V karibu na kuziachia H na N nafasi, atakutazama kwa huruma. Herufi, atakwambia, ni kama watu wanaopigwa picha ya harusi. Huwapangi kwa kupima, unawapanga mpaka jicho liseme basi.

Na jicho lake lilikuwa na neno juu ya kila kitu. Hata sahani mezani alizisogeza. Mkewe, Norah Khalayi, alizirudisha zilipokuwa makusudi, kisha akaketi kumtazama anavyoteseka.

Norah alikuwa Mbukusu wa Kimilili na Odero Mjaluo wa Ugenya, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake, nyumba yao ya Maringo iliongea Kiswahili. Walijaliwa mtoto mmoja, Awiti, ambaye sasa anafanya kazi Qatar. Mtaa mzima ulimwita mume Mzee Odero. Baba Awiti lilikuwa jina la Norah peke yake, na alilitamka kwa namna yake, akilivuta mwishoni. Norah alikuwa na kibanda karibu na lango la kiwanda kimoja Industrial Area, akiwapikia vibarua chapati na maharagwe. Tangu mabango ya plastiki ya kuchapishwa kwa mashine yalipoingia mjini na kumwachia mumewe kazi za kubahatisha, kibanda hicho ndicho kilichoisimamisha nyumba. Hakumsimanga hata siku moja. Alimtania tu, kwamba ameolewa na mtu anayeandika "Chakula Tayari" kwenye hoteli za watu, na kwake mwenyewe hajawahi kufika mezani chakula kikiwa na moto.

Hilo lilikuwa kweli. Odero akishika brashi hasikii njaa wala mtu. Norah ataita, naye atajibu nakuja. Ataita tena, atajibu nakuja. Na akija, ugali umeshaota ngozi. Waliishi hivyo ndoa nzima, na sidhani kama kuna aliyetaka mwenziwe abadilike.

Kisha akaja Shirleen na ukuta wake.

Shirleen Wacera alikuwa binti wa jirani, aliyelelewa nusu na mama yake na nusu na Norah kama watoto wengi wa ule mstari wa nyumba. Alisomea uchoraji wa kompyuta. Kwenye tableti yake, kwa kalamu isiyo na wino, alichora watu wenye nyuso za zambarau na nywele za kijani, na ajabu ni kwamba bado uliwatambua. Akapata wazo la kuwachora watu wa Maringo kwenye ukuta mrefu unaoelekea bombani. Hakutaka wakubwa wala wanasiasa, alitaka muuza mboga, fundi viatu, mama wa kwaya. Angempiga mtu picha, aichore upya kwenye tableti, halafu giza likiingia aimulike ukutani kwa projekta na kuifuata kwa rangi. Wazo lilikuwa zuri. Brashi ndiyo iliyomshinda. Norah alikwenda kuchota maji akarudi anacheka, akamwambia mumewe kuna mtoto huko nje ameufanya ukuta ulie machozi ya rangi.

Odero alitoka kwenda kuangalia tu. Alirudi na rangi kwenye shati.

Hivyo ndivyo walivyoanza, mzee na msichana, na mtaa ukapata kitu cha kutazama jioni. Shirleen alileta mwanga na Odero akaleta mkono. Msichana aliuchora uso kwenye kioo cha tableti, akiupunguza hadi ukabaki na mabaka machache ya rangi. Projekta iliurusha ukutani ukiwa mkubwa kuliko mlango. Odero aliufuata kwa makaa, na kesho yake mchana akaujaza kwa rangi ya mafuta, taratibu, mpaka uso ukatoka nje ya ukuta kukutazama. Shirleen alikiri wazi kwamba michoro yake ilikuwa haijawahi kuwa na damu namna ile. Odero naye, ambaye kwa miaka alikuwa ameacha kujiita fundi, alianza tena kusafisha brashi zake kwa mafuta ya taa kila siku na kuzipanga dirishani.

Kilichowagombanisha ni drafti. Kando ya kila uso, Shirleen alitaka mraba wa viraka vyeusi na vyeupe vilivyotapakaa ovyo, ambavyo ukivielekezea kamera ya simu vinakufungulia sauti ya mtu yule aliyechorwa, akijieleza mwenyewe. Watoto waliuita drafti, kwa kuwa ulifanana na ubao wa mchezo huo uliochorwa na mlevi, na jina likashika. Odero aliuchukia kwa moyo wake wote. Upande mmoja ulikuwa mzito na upande mwingine una mapengo. Palikuwa na kiraka kimoja cheusi kilichokaa peke yake pembeni, kama mgeni asiyejulikana na mtu kwenye sherehe, na jicho la Odero lilikuwa likimsihi akisogeze. Alimwomba Shirleen amruhusu ausawazishe kidogo tu.

"Mzee, hii kitu haitaki urembo," Shirleen alimwambia. "Inasomwa na simu, si watu. Ukihamisha kiraka, inakufa."

Alitii, ila kwa kunung'unika. Alifuata mwanga wa projekta kiraka kwa kiraka, kwa rula, mtu ambaye hakuishika rula tangu utoto wake, na alipomaliza akaenda kukaa mbali ili asiuone.

Zamu ya Norah ilipofika alikataa kwanza, akasema sura yake imezoewa na moshi tu. Akakubali kwa sharti kwamba achorwe na kitambaa chake cha kichwa cha rangi ya machungwa. Odero aliupaka uso ule polepole kuliko nyuso zote. Siku ya kurekodi, Norah alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya simu ya Shirleen, akaeleza jinsi alivyokuja Nairobi, jinsi vibarua wanavyokula wamesimama kwa kuogopa king'ora cha kiwanda, na jinsi chapati inavyojua mkono wenye hasira. Odero alikuwa juu ya ngazi pale pale, akimalizia kitambaa. Katikati ya maneno yake Norah akasahau kwamba anarekodiwa, akainua uso, akaita:

"Baba Awiti, shuka ule. Chakula kinapoa."

Kwa mbali, kutoka juu ya ngazi, sauti ya Odero ikajibu, "Nakuja."

"Nakuja yako naijua," Norah akasema, na kucheka, na hapo ndipo sauti ilipokatikia. Shirleen alitaka kuupunguza mwisho ule. Alipousikiliza tena akaamua kwamba mwisho ndio Norah mwenyewe, akauacha.

Sauti zote aliziweka kwenye tovuti moja ya bure isiyotaka hata kujisajili. Unaipa sauti, inakupa drafti, basi. Hakuna mlango mwingine wa kuingilia. Baadaye simu yake ilinyakuliwa Muthurwa, na nakala za sauti, za drafti na picha za ukuta, ambazo hakuziweka penginepo, zikaenda nayo. Alilia, lakini aliililia simu tu. Drafti ziko ukutani, alisema, na nani ataiba ukuta?

Norah alianguka kibandani kwake akiwa na mwiko mkononi. Presha, walisema. Vibarua aliokuwa akiwalisha ndio waliombeba kumpeleka hospitali, wakiwa na nguo zao za kazi, na alifika hospitalini akiwa ameshakwenda.

Mwili ulipitishwa Maringo kuagwa kabla ya safari ya Ugenya. Mutisya, mpiga picha wa mtaa, aliwapanga waombolezaji mbele ya ukuta, chini ya uso wa Norah, akamwonyesha Odero mahali pa kusimama. Odero alitazama, akatikisa kichwa, akajipanga mwenyewe mahali pengine. Hakuna aliyeshangaa. Hata siku ile, walisema, jicho la mzee halikulala.

Akamzika mkewe nyumbani kwao Ugenya, kama inavyopasa, akarudi Nairobi kwa sababu nyumba ya Maringo ndiyo aliyoijua. Kaburi likawa safari ya kutwa nzima. Ukuta ulikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Awiti alitaka kumtumia simu ya maana. Mzee akakataa, akidai vidole vilivyokaushwa na tapentaini havisikiki na kioo. Alibaki na kabambe yake, simu ndogo ya vitufe isiyo na kamera ya maana. Kwa hiyo jioni, watu wakirudi kutoka kazini, alikuwa akikaa kwenye ndoo karibu na bomba, na mtu akipita na simu nzuri alimsalimu kwa heshima kuliko kawaida. Watu walimwelewa upesi. Aliyesimama mara nyingi zaidi ni Kavutha, muuza mboga wa nyumba ya pili, mama asiye na maneno mengi. Aliinua simu yake kwenye drafti, akampa Odero aishike sikioni, kisha akajifanya ana kazi ya kupanga sukuma wiki kwenye karai mpaka mzee amalize.

Odero hakuwa akisikiliza habari za Nairobi wala za chapati. Alikuwa akingoja mwisho. Akiitwa kutoka kwenye ile simu, midomo yake ilisogea, na Kavutha aliona kwamba anajibu. Akisharudisha simu alishukuru, akaingia ndani kula alichojipikia, kikiwa na moto, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alisema hakina ladha.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa mabaya. Mfereji wa bati juu ya ukuta ukatoboka, na tundu likaangukia pale pale ilipo drafti ya Norah. Uso ulipona, maana Odero aliupiga rangi tabaka juu ya tabaka. Drafti aliipaka tabaka moja, kwa chuki, na tabaka moja halikuweza. Rangi iliumuka, ikapasuka, ikaanza kuanguka. Simu zikawa zinaisoma kwa shida, kisha siku moja Kavutha akainua simu yake, akaisogeza mbele, akairudisha nyuma, akaipangusa kamera kwa leso, na hakuna kilichofunguka. Alimwambia mzee kwamba labda ni mtandao. Kesho yake ikakataa tena.

Odero alimpigia Shirleen, ambaye wakati huo alikuwa amepata kazi ya uchoraji Kigali. Msichana alimsihi asiguse kitu. Angekuja mwenyewe mvua zikiisha, aipige picha hiyo drafti ilivyobaki, atafute kilichopotea kwa kompyuta kabla brashi haijakaribia. "Usiiguse, Mzee. Wacha nikam kwanza," alisema, na Odero akasema sawa. Alisema kweli. Alikusudia kungoja.

Mvua ziliisha, baridi ya Julai ikaja na manyunyu yake, ikapita. Kazi ya Kigali ikamshikilia Shirleen. Na kumbukumbu ya mwaka mmoja ya Norah ikawa inakaribia. Akina mama wa kanisani walikuwa wamepanga kuja na kwaya, na kila mmoja alikuwa ameuliza kama watamsikia Norah, maana habari za sauti ile zilikuwa zimefika mpaka Kimilili. Odero alijiona akiwakaribisha mbele ya mraba uliobabuka kama mgonjwa wa ngozi. Aliona haya. Lakini zaidi ya haya aliogopa. Alikuwa ameanza kuisahau sauti. Maneno alikuwa nayo yote, lakini lile vuto la mwishoni mwa jina lake lilikuwa linamponyoka. Akilitafuta usingizini analipata, akiamka limekwenda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alijiambia, akashusha brashi dirishani.

Alifanya kazi ile kama fundi mzuri anavyoifanya. Fundi mzuri hapaki rangi juu ya rangi iliyokufa, kwa hiyo kwanza alichukua msasa akasugua mpaka ukuta ukawa mtupu palipobabuka, na hata pale palipokuwa bado pameshika kidogo, ili upya uungane na ukale bila kovu. Halafu akapaka nyeupe. Halafu akaanza viraka. Alikuwa na hakika anavikumbuka. Alikuwa amevitazama kwa miezi na miezi kutoka kwenye ile ndoo, jioni baada ya jioni, na angeweza kuapa kanisani kwamba anajua kila kimoja. Rula hakuichukua. Hapakuwa na projekta, hapakuwa na mtu wa kumwambia hii haitaki urembo, palikuwa na yeye na mkono wake, na mkono ukafanya kazi uliyoizoea tangu karakana ya reli. Palipokuwa na pengo, ukaliziba. Palipokuwa pazito, ukapapunguza. Kile kiraka kimoja kilichokuwa kikikaa peke yake pembeni, hata hakujua alipokisogeza karibu na wenzake.

Mazoea yana taabu. Alipomaliza alirudi nyuma kutazama, na jicho likasema basi. Ilikuwa drafti nzuri. Kwa mara ya kwanza tangu aijue, aliipenda.

Siku ya kumbukumbu akina mama walikuja na vitambaa vyao vyeupe. Waliimba, wakaomba, chai ikatembezwa. Kisha wakasogea ukutani, na simu zikainuliwa kwa pamoja, nyingi kuliko siku yoyote. Odero alisimama kando na kofia mkononi. Akaona mwanamke mmoja akishusha simu yake na kuikunjia uso, na wa pili, na wa tatu akiuliza wenzake kama yao imekubali. Kavutha hakuinua yake. Alikuwa ameijaribu asubuhi, kabla wageni hawajafika, na hakuwa na moyo wa kumwambia.

Mama mmoja wa kwaya, kwa wema tu, aliisifu ile drafti. Alisema imechorwa vizuri sana.

Shirleen alifika wiki hiyo hiyo na basi linalopitia Kampala, hata mabegi hakuyapeleka kwao. Alisimama mbele ya ukuta, na Odero akiwa nyuma yake. Kisha akauliza kama ile ya zamani iko chini ya hii. Odero akamwambia kuhusu msasa.

"Drafti huwa inasamehe, Mzee," Shirleen akasema polepole. "Ukiharibu kidogo, inajiokoa. Lakini si hivi."

Hakumlaumu, na nadhani ingekuwa afadhali angemlaumu. Alikaa chini pale pale kwenye saruji akaanza kazi ya kutafuta. Aliwaendea wote waliowahi kumwazima mzee simu; kumbukumbu za simu zilikuwa zimeshajifuta, nyingine zimeuzwa, na hakuna aliyewahi kuihifadhi sauti ile, kwa kuwa nani anahifadhi kitu kilichopakwa ukutani? Walimpigia Awiti Qatar. Alikuwa akizungumza na mama yake kila Jumapili kwa saa nzima, na hakuwahi kurekodi hata salamu. Mtu harekodi mama anayempigia tena wiki ijayo, Awiti alisema, na akakata simu akilia. Shirleen akatafuta picha za ukuta zilizowekwa mtandaoni siku ulipozinduliwa. Zilipigwa kutoka mbali. Alipozikuza, viraka vikawa ukungu.

Hapo ndipo akakumbuka matanga. Kama kuna picha moja tu, ya karibu, inayoonyesha drafti ilivyokuwa, simu ingeisoma kutoka kwenye picha hiyo kama inavyoisoma ukutani. Ingetosha hiyo moja.

Walikwenda kwa Mutisya pamoja. Mutisya aliwasha kompyuta yake, akafungua picha za siku ile, naye Odero akavutiwa kiti. Zilikuwa nyingi na zilikuwa safi. Ungeweza kuhesabu nyuzi za vitambaa. Katika ya kwanza uso wa Norah uko juu, na waombolezaji wamejipanga chini yake. Pale palipokuwa na drafti amesimama Odero. Katika ya pili, akina mama wa kwaya wameongezeka, na pale palipokuwa na drafti amesimama Odero. Shirleen alikuwa akizipitisha moja moja, kwanza taratibu, kisha haraka, kisha taratibu tena. Watu walibadilika, jua lilisogea, jeneza lilikuja na kuondoka. Odero hakusogea. Alikuwa pale pale katika kila picha, na suti yake nyeusi ya mabega mapana, akiufunika mraba wote.

Mutisya, akitaka kusaidia, alisema kwamba yeye alikuwa amempangia mahali pengine, upande wa kulia. Anakumbuka vizuri.

"Nilisimama hapo makusudi," Odero akasema. "Nilitaka kuificha. Ilikuwa inaharibu picha."

Shirleen aliweka mkono wake juu ya mkono wa mzee. Walikaa hivyo mbele ya kompyuta mpaka kioo kikajizima chenyewe. Njiani kurudi Odero alimwambia kwamba arudi kazini kwake, kwamba yeye hana kinyongo na mtu. Maji yakimwagika hayazoleki. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akasimama katikati ya njia akashindwa kuendelea, na Shirleen akamshika kiwiko kama anayemvusha barabara.

Kwa muda mrefu baada ya hapo hakukaa kwenye ndoo yake. Alipita bombani akiangalia chini. Watu walidhani ataugua, na Kavutha alikuwa akimwachia sukuma mlangoni bila kubisha.

Kisha asubuhi moja wakamkuta juu ya ngazi. Aliifuta ile drafti yake nzuri kwa rangi nyeupe, yote, na rangi ilipokauka akaanza kuandika mahali pake. Hakuchukua rula. Aliandika kwa zile herufi za reli, zenye miguu na kivuli, ambazo mtaa ulikuwa haujaziona tangu mabango ya plastiki yaje. Rangi ya machungwa, ile ile ya kitambaa cha Norah. Kila herufi aliiwekea nafasi yake mpaka jicho likaridhika. Kazi hiyo ilimchukua siku kadhaa, na alipoteremka, kando ya uso wa mkewe palikuwa pameandikwa maneno yake: *Baba Awiti, shuka ule. Chakula kinapoa.*

Hakuandika jibu lake, wala hakuandika yale yaliyofuata.

Jioni sasa amerudi kwenye ndoo. Haombi simu ya mtu tena. Anangoja tu, kwa kuwa amegundua jambo ambalo kila mwandika mabango analijua na yeye alikuwa amelisahau: maandishi makubwa yakiwa njiani, watu huyasoma kwa sauti bila wenyewe kujua. Wanasoma wakiwa na mitungi, wanasoma wakimvuta mtoto mkono, wanasoma wakitafuna mahindi. Wengi wanasoma vibaya. Wengine wanalipitia jina haraka, wengine wanacheka. Odero husikiliza kila mmoja huku kichwa kimeinama upande, kama anavyosikiliza fundi wa redio.

Juzi Kavutha alikuwa akitoka bombani na mtungi umemlemea. Hakuwa na habari kwamba mzee yuko pale nyuma ya mlango wa jirani. Aliinua macho kwenye uso wa Norah, kama anavyofanya siku zote, na kwa uchovu tu, akilivuta jina mwishoni, akasoma: Baba Awiti, shuka ule, chakula kinapoa.

"Nakuja," Odero akasema.

Akanyoosha shingo, akingoja aambiwe kwamba nakuja yake inajulikana. Kavutha alikuwa ameshafika kwake, akiutua mtungi.